Betri ya kwadi inalala kila wiki, naombeni msaada kabla ya Jumamosi

Mwana_Uyole:
Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya. Kuna kwadi, ile pikipiki ya matairi manne ya kustarehea, betri yake volti 12, Ah 12 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Kila baada ya siku nne tano ukibonyeza stata inasema tik-tik-tik, basi. Nachaji, inawaka, wiki haiishi imelala tena. Hii ni betri ya pili tangu Machi. Nahisi ni baridi, maana Uyole sasa hivi asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni. Nifanyeje ikae na chaji?

Fundi_Waya:
Baridi inaipunguzia betri nguvu, lakini haiimalizi. Tafuta mita. Zima injini, iache usiku mzima, pima asubuhi. 12.6 mpaka 12.8 imejaa. 12.0 hiyo ni njaa, na ikikaa na njaa muda mrefu sahani za risasi zinashika salfati, ule ukoko mweupe unaozuia chaji. Ndiyo maana unaona inajaa upesi na kuisha upesi. Halafu washa, bonyeza mafuta kidogo injini ingurume, pima tena. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.5 rektifaya, kile kinachorekebisha umeme wa injini unaochaji betri, iko sawa. Unaiendesha kiasi gani?

Mzee wa Makete:
Baridi ya Uyole mnaiita baridi? Marehemu baba alikuwa na redio ya National. Betri zikichoka anazianika juu ya bati kuanzia asubuhi, jioni anazirudisha tunasikiliza RTD. Taarifa ya habari ikiisha na sauti inaisha. Jaribu kuianika.

Fundi_Waya:
Mzee, betri ya asidi haianikwi. Shikamoo lakini.

Mama wa Kiwira:
Mwanangu, kwa nini kabla ya Jumamosi?

Mwana_Uyole:
Marahaba kwa wote waliochangia, nashukuru. Jumamosi ni Jumamosi tu, mama. Fundi, naiendesha dakika kumi hivi, mara mbili kwa wiki.

Kipanga_Rungwe:
"Marahaba"? Dogo umeitikia shikamoo ya Mzee wa Makete 😂

Fundi_Waya:
Dakika kumi mara mbili kwa wiki hazitoshi kuijaza betri. Kuna kitu kingine umefunga? Alamu? Taa?

Mwana_Uyole:
Kuna kaspika.

Mnyalukolo77:
Kaspika ka ukubwa gani? Weka picha.

Mwana_Uyole:
Sawa. Ni spika mbili za inchi 12 na amplifaya ya gari. Na kwadi si yangu, ni ya mjomba. Yeye yuko Dar, aliiacha kwake Forest akasema niwe naiwasha. Mimi naipeleka kwenye bethidei, na maharusi wanakwenda kupigia picha kule juu barabara ya Chunya. Muziki ukipigwa injini nazima, mngurumo unaharibu shughuli. Msinihukumu, mjomba mwenyewe alisema isikae tu. Isitoshe nimeshatoa nusu ya hela pale Mwanjelwa kwa betri ya N70, ile kubwa ya gari ya Ah 70, iliyotumika, nitaifunga kwenye kerieri ya nyuma. Ninachouliza ni waya wa unene gani.

Kipanga_Rungwe:
Swali limebadilika, sisi bado tuko kwenye baridi.

Mama wa Kiwira:
Mali ya mtu haikodishwi kimyakimya. Mpigie mjomba wako leo.

Fundi_Waya:
Betri ya stata imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, si kulisha muziki. Amplifaya ikila ampea 6, Ah 12 kwa karatasi ni saa mbili, na hapo utakuwa umeishusha mpaka chini kabisa. Ukifanya hivyo kila harusi haitoboi. N70 nayo koili ya kwadi, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, haiwezi kuishibisha, hasa ikiunguruma taratibu. Ulishindwa kulisha mtoto mmoja, unaleta sita.

Mwana_Uyole:
Koili hainihusu, nachaji mwenyewe. Leo mchana nimepima injini ikiwa imezimwa, mita inasoma 15.9. Kwa hiyo betri ina nguvu nyingi tu, mbovu ni stata. N70 naichukua.

Mnyalukolo77:
Hapo nimekushika. Betri ya risasi iliyopumzika haisomi 15.9 hata uiombee mkesha. Wakuu hii ni CHAI, stori ya kutunga. Mwezi uliopita kuna mtu alikuja na boti ya Matema betri inakufa, ukurasa wa pili akaanza kuuza chaja. Subirini namba ya simu.

Kipanga_Rungwe:
Yangu iwe na tangawizi.

Dereva_Tunduma:
Si chai. Kuna kwadi ilizima kwenye harusi Iyunga mbele ya bibi harusi, spika kubwa nyuma. Tuliisukuma wanaume saba na suti zetu. Kumbe zile zinazoendeshwa kwa mkanda badala ya gia haziwaki kwa kusukuma, na aliyeileta alijua, alituangalia tu.

Mwana_Uyole:
Sikuwa mimi. Na mlikuwa watano.

Fundi_Waya:
Turudi kwenye 15.9. Inawezekana kama wakati anapima kuna kitu kinaisukuma. Dogo, unachajia nini?

Mwana_Uyole:
Sola. Paneli ya wati 100, waya moja kwa moja kwenye betri. Kontrola, kile kidude cha kuzuia chaji isizidi, ni kupoteza hela, jua lenyewe la Mungu. Jirani anafanya hivyohivyo.

Fundi_Waya:
Paneli hiyo isipokuwa na mzigo inafika volti 20 na zaidi. Betri ya Ah 12 inataka kama ampea 1.2, wewe mchana unaipa tano, na ikijaa hakuna wa kusema basi. Unaichemsha. Betri ni kavu au ya maji?

Mwana_Uyole:
Kavu. Ubavu umetuna kidogo.

Fundi_Waya:
Hiyo ishakufa, usiichaji tena. Ichomoe, waya wa hasi kwanza. Nunua nyingine ya saizi ileile, na kontrola. N70 kama hela hairudi, iwe ya muziki peke yake, ikae chini pembeni ya spika, chajia kwa hiyo paneli kupitia kontrola. Isiguse nyaya za kwadi. Na kwadi ikilala zaidi ya wiki, legeza hasi.

Mwana_Uyole:
Ila kerieri nimeshaitoboa.

Mama wa Kiwira:
Yesu wangu.

Mwana_Uyole:
Wakuu, mjomba kapiga sasa hivi. Anasema kawahi, yuko Igawa, nimchemshie maji ya kuoga.

Mnyalukolo77:
Mimi bado nasema ni chai. Ila tuna kipaimara Kihesa mwezi ujao, zile spika ni bei gani kwa saa?