Saa moja, simu mbili: Apple Watch, Galaxy Watch au Huawei GT? Naomba ushauri kabla kaka hajapanda ndege

MamaKeki_Tanga
Wakuu, habari za mihangaiko. Naoka keki nyumbani, Tanga. Muda mwingi mikono iko kwenye unga na simu iko mezani inaita mpaka inakata. Mteja akipiga mara mbili asipokelewe, anahamia kwa mwingine. Mwezi uliopita nimepoteza keki ya send-off hivyo hivyo. Kaka yangu yuko Muscat, anakuja likizo wiki mbili zijazo, amesema ataniletea saa janja nichague mwenyewe. Kanitajia tatu: Apple Watch SE, Galaxy Watch na Huawei Watch GT.

Sasa mimi nina simu mbili. Ya kwanza iPhone 11 ya mtumba, ya kupigia picha za keki, Instagram, na ina laini yangu binafsi. Ya pili ni Android ndogo ya bei poa, hiyo ndiyo yenye laini ya biashara: wateja, WhatsApp Business, M-Pesa. Nataka saa inionyeshe nani anapiga, meseji inasema nini, na ikiwezekana nipokee simu palepale mkononi. Kuhesabu hatua sina haja, hatua zangu ni mezani kwenda kwenye oveni. Ipi itashika simu zote mbili?

Bint_Mvita
Shoga, chukua Apple Watch ulale usingizi. Mimi yangu SE inaingia mwaka wa tatu. Simu ikiita naongea na mkono huku naosha vyombo, watoto wananicheka. WhatsApp ikiingia nachagua jibu fupi nililoliandaa, nimemaliza. Hakuna saa inayokaa na iPhone namna hii. Dosari yake chaji tu. Apple wenyewe wanatangaza chaji ya saa 18, kwa hiyo kila usiku lazima uivue uichaji, na ukisahau asubuhi umevaa bangili.

Fundi_Kkoo
Bint Mvita, swali umelisoma nusu. Wateja wake wako kwenye Android. Apple Watch haiungani na Android kwa njia yoyote, tangu ile ya kwanza ya 2015 hadi leo. Hata kuiandaa ikitoka boksini inataka iPhone.

Dada, kwanza futa wazo la saa kushika simu mbili. Hizo tatu ulizotajiwa, kwa kawaida kila moja inafuata simu moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza saa ipi, jiulize wateja wako wanaishi kwenye simu ipi.

Galaxy Watch: zile za zamani zilizotumia mfumo wa Tizen, mfano Active2 na Watch3, zilikubali iPhone. Mwaka 2021 ilipokuja Galaxy Watch4 Samsung wakahamia Wear OS ya Google, na iPhone ikafungiwa nje. Tangu hapo ni Android peke yake. Na hata ndani ya Android kuna watoto wa kambo: kipimo cha ECG (umeme wa moyo) na cha shinikizo la damu vinataka simu iwe ya Samsung yenyewe. Hicho cha shinikizo kinakutaka pia urekebishe saa kwa mashine ya kufunga mkononi kila baada ya siku 28, kwa hiyo anayeinunua kwa ajili ya presha ajue anahitaji na mashine.

Huawei GT inakubali pande zote mbili. Kwenye Android, programu yao ya Huawei Health ipakue kutoka AppGallery, duka lao la programu, au tovuti yao, usihangaike na Play Store. Kwenye iPhone ipo App Store kama kawaida.

Sasa nenda kwenye mipangilio ya hiyo Android yako, sehemu ya Kuhusu simu, uniambie ni toleo gani. Angalia hasa kama kuna neno Go.

Mkimbiaji_Moshi
Mbona hakuna aliyetaja saa za Garmin? Nimehama Android kwenda iPhone na kurudi Android, mkononi ni Garmin Forerunner 55 ileile, na rekodi zangu zote za mbio ziko palepale. Hii habari ya saa kuolewa na simu moja ni ya kampuni zinazouza vyote viwili. Garmin haitengenezi simu, Coros haitengenezi simu (ndiyo aliyowahi kuvaa Kipchoge), kwa hiyo hawana sababu ya kukuchagulia simu.

Fundi_Kkoo
Hoja nzuri, ila mama anaoka, hakimbii. Forerunner 55 haina kipaza sauti. Itamtetemesha, ataona jina la mteja, kisha atakimbilia simu na unga mikononi. Tumerudi palepale.

Dogo_Kigamboni
Kuna zile "Ultra" za elfu arobaini Kariakoo, zinapokea simu, zinapima presha, sukari, kila kitu, na zinashika iPhone na Android. Kwa nini kaka wa watu ahangaike?

Fundi_Kkoo
Dogo, mimi nazitengeneza hizo. Kupokea simu kweli zinapokea. Kushika simu yoyote kweli zinashika. Mara nyingi utaziunganisha mara mbili, kwanza kupitia programu yake kwa ajili ya arifa, halafu tena kwenye orodha ya Bluetooth kwa ajili ya sauti. Wengi hufanya moja tu kisha wananiletea wakisema saa ni mbovu. Lakini sukari? Mwanga wa kijani kwenye ngozi hausomi sukari. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Februari 2024 kwamba hakuna saa wala pete ambayo imeiidhinisha kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mwenye kisukari asije akapanga dozi kwa namba za pale.

MamaKeki_Tanga
Nimeangalia. Imeandikwa Android 10, toleo la Go. RAM GB 1. Ni kubaya?

Fundi_Kkoo
Ni kubaya, dada, nisikufiche.

Android Go ni Android iliyopunguzwa ili iende kwenye simu zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo. Wear OS haikubali toleo la Go hata kidogo, Google wanasema hivyo wazi. Kwa hiyo Galaxy Watch imetoka: iPhone haiitaki, Android yako haiitaki.

Huawei GT nayo itakwama kwa sababu nyingine. Ili saa ikuonyeshe meseji ya WhatsApp, programu yake kwenye simu inaomba ruhusa ya kusoma arifa. Kwenye simu za RAM ndogo zenye Android 10 kushuka chini, Google waliifunga ruhusa hiyo ili kuokoa kumbukumbu. Mtu akikupigia simu ya kawaida huenda ukaona, lakini meseji ya WhatsApp haitafika mkononi. Wateja wangu wengi wenye simu hizo wananunua mkanda janja wa Xiaomi, wanarudi kulalamika arifa haziji, wanabadilishiwa mkanda, bado haziji. Mkanda hauna kosa, simu ndiyo imefunga mlango.

Brussels_Mswahili
Hata upande wa iPhone kuna mlango nusu. Saa isiyo ya Apple inasomewa arifa tu: unaona ujumbe, huwezi kuujibu. Garmin ileile ya mkimbiaji inajibu meseji ikiwa na Android, ikiwa na iPhone inanyamaza. Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Apple Machi 2024 na saa ni mojawapo ya mambo waliyoyataja. Huku Ulaya, Machi 2025, Tume ya Ulaya iliagiza iOS, mfumo wa iPhone, ifunguliwe zaidi kwa vifaa vya kampuni nyingine, arifa zikiwemo. Lakini agizo hilo ni la nchi za Umoja wa Ulaya. Tanga msilisubiri.

MamaKeki_Tanga
Kwa hiyo ninunue simu mpya ili nivae saa ya zawadi? Hii zawadi inakuwa deni.

Bint_Mvita
Jamani wanaume mnajua kusoma toleo la Android lakini hili hamlioni. Shoga, toa laini ya biashara kwenye hiyo Android uiweke kwenye iPhone. Laini yako binafsi ihamie Android. Wateja wakipiga inaita iPhone, meseji za M-Pesa zinaingia iPhone, saa inashika iPhone. Sindano ya kutolea laini, dakika mbili.

Fundi_Kkoo
😂 Nimekaa kwenye kiti cha ufundi miaka kumi na moja na sikuliwaza hilo. Heshima kwako.

Naongeza mawili tu. WhatsApp Business ukiisajili upya kwenye iPhone, nakala yako iliyo Google Drive haifunguki huko, kwa hiyo oda ambazo hazijatoka ziandike daftarini kwanza, na picha za sampuli zihamishe. La pili, lile dirisha la M-Pesa linalokuja lenyewe kukuomba namba ya siri, unapolipa kwa mfano mtandaoni, halitokei kwenye saa. Linatoka kwenye laini, si arifa. Meseji ya "umepokea" ndiyo utaiona, na nadhani hiyo ndiyo unayoitaka.

Bint_Mvita
Basi tumerudi kwenye Apple Watch yangu. Asante, naenda kulala.

Fundi_Kkoo
Usilale bado. SE mpya ya 2025 inakuja na watchOS 26, mfumo wa saa za Apple, nayo inataka iPhone 11 au ya juu yake. Mama amepona kwa ncha ya ukucha. Mwenye iPhone XR, ya kabla ya 11, asingeipata. Na kaka akikuta SE ya mtumba huko, ahakikishe mwenye nayo ameitenganisha na simu yake mbele ya macho yake. Bila hivyo imefungwa kwa akaunti ya mtu na mimi sina ufunguo.

Swali langu kwa mama ni moja: iPhone hiyo utakaa nayo?

MamaKeki_Tanga
Ndiyo penyewe. Betri imefika asilimia 76, na nilikuwa nawaza mwakani nichukue Samsung ya kawaida nifanyie kazi zote, niachane na simu mbili.

Fundi_Kkoo
Basi Apple Watch mwakani inakuwa pambo la kabatini. Chukua Huawei GT 4. Ina spika na kipaza sauti, utapokea simu ukiwa na iPhone sasa, na ukihamia Samsung utaiunganisha upya na maisha yanaendelea. Kujibu WhatsApp kwa saa hutaweza kwenye iPhone, lakini kwa mikono ya unga ungejibu nini? Ile kubwa ya milimita 46 wanatangaza siku 14 za chaji, ndogo ya 41 siku 7. Ukiiunganisha, ingia Bluetooth ya iPhone, gusa jina la saa, uwashe kushiriki arifa za mfumo. Wengi wanasahau hapo.

Bint_Mvita
Nimeshindwa kwa haki. Ila kwa sura, SE inapendeza.

Mkimbiaji_Moshi
Na mkanda chukua wa mpira, dada. Ule wa ngozi siagi itaumaliza.

MamaKeki_Tanga
Laini nimeshabadilisha, na leo nimepokea simu nne kwa spika ya iPhone huku nakanda. Nimempigia kaka kumwambia ni Huawei GT 4, ile kubwa, mkanda wa mpira. Amekaa kimya kidogo, halafu akaniambia ameshanunua juzi, alitaka iwe mshangao. Galaxy Watch.

Fundi_Kkoo
Risiti anayo?