Tupeane uzoefu: uliyekaa soba (nyumba ya kuachia ulevi), nani alikuwa nawe usiku wa arosto (mateso ya mwili ukiikosa dawa)?

Mtoto_wa_Ngambo:
Wakuu, wiki ijayo natimiza mwaka sijagusa unga (heroini). Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu kaniuliza, "Kaka, huko soba wanawapa dawa gani?" Nikacheka. Soba niliyokaa mie hapa Unguja hakukuwa na dawa ya maana. Palikuwa na vitanda vya juu na chini, zamu za kufagia na kupika, mkutano asubuhi na mkutano jioni. Na watu.

Usiku wangu wa pili ndio sitousahau. Walioonja wanajua: miguu inajirusha yenyewe, jasho na baridi kwa pamoja, makamasi, tumbo linakimbia, usingizi ndiyo hakuna kabisa. Nikawa naupima ukuta kwa macho. Jamaa wa kitanda cha chini, aliyekuwa na siku 41 bila unga, akaamka bila kuitwa. Akateleka maji, akanitumbukiza miguu kwenye beseni, akanikanda vigimbi vya miguu kwa mafuta ya nazi. Akaniambia, "Mie siku ya tatu niliuruka ukuta ule ule. Nimerudi baada ya miaka miwili, meno yamepungua. Sikuzuii. Ngoja kukuche tu."

Kulipokucha akaniambia tena ngoja iadhiniwe adhuhuri. Siku ya tano nikala ubwabwa ukakaa tumboni.

Mshauri alikuwa kanieleza hayo hayo ofisini, tena vizuri zaidi. Sikumsikia. Huyu alikuwa na makovu ya sindano kama yangu, sikuwa na pa kumkatalia. Nadhani ndiyo maana soba za huku, tangu zilipoanza 2009, zinaendeshwa sana na watu waliotoka humo humo kwenye unga.

Haya, na nyie leteni yenu. Mabaya na mazuri.

Kisauni_Kwetu:
Hongera ndugu yangu. Lakini hapo kwa mafuta ya nazi naomba nikuzuie kidogo, asije mtu wa pombe akasoma akajifungia chumbani. Mimi nilikuwa mtu wa pombe, kila siku, asubuhi kabla ya chai, miaka kumi na mbili. Niliingia nyumba moja hapa Mombasa, nikakata ghafla. Siku ya pili mikono inatetemeka, ya tatu nikaanza kuongea na marehemu babu yangu. Kisha nikaanguka kifafa, na sijawahi kuwa na kifafa maishani.

Msimamizi wa usiku alisema nimejifanya. Wenzangu wanane waligonga mlango wa ofisi mpaka gari likatoka. Nimelazwa siku nne. Daktari aliniambia pombe ya namna ile ukiikata bila kuangaliwa inaweza kukuua, na ni kweli. Kwa hivyo mwenzako kazi yake si kukutibu. Kazi yake ni kukuona mapema na kupiga kelele.

Mama_Makorora:
Mimi si mraibu, mtanisamehe kuingia. Ni mzazi, Tanga. Mwanangu aliniibia mpaka mitungi ya gesi. Alipoingia soba niliambiwa nisimwone wiki za mwanzo. Siku ya kutembelewa nikapika pilau la mtu mmoja, nikafika nikakuta vijana ishirini wananiita mama. Pilau likaliwa kwa kijiko kimoja kimoja. Mmoja akanivuta pembeni: "Mama, atakuomba nauli leo. Usimpe." Na kweli aliomba! Nikanyima, akanuna. Yule kijana akarudi kukaa naye. Nilipanda basi nikilia, ila ndiyo mara ya kwanza nililala usiku mzima.

Teja_Mstaafu:
Mnasifia wenza, ngoja niseme upande wa pili. Tulitoka watatu siku moja, tukapanga chumba kimoja Temeke, tukajiita ndugu. Soba walitukataza, wakasema kila mtu aende kivyake na wote tukutane kwenye mikutano ya NA (Narcotics Anonymous, kundi la waraibu wanaosaidiana kuacha). Tukawaona wanoko. Mwezi wa pili mmoja alirudi na macho madogo. Hakuna aliyesema kitu, maana kumsema ilikuwa kama kumsaliti. Wiki ile ile wa pili akafuata. Alijipiga kipimo chake cha zamani, kile alichozoea kabla ya soba. Mwili ulishasahau, yeye hajasahau. Tulimkuta asubuhi.

Mimi nilirudi soba siku ya maziko, kwa miguu. Mpaka leo nikiona mwenzangu kalegea nasema hapo hapo, akinichukia poa.

Dirishani_Saa_Moja:
Pole sana mkuu. Mimi ni wa methadoni, dozi ya kunywa inayotolewa hospitali badala ya unga, pale Muhimbili, huduma iliyoanza 2011. Kabla ya hapo nilipitia soba moja (jina silitaji), nikaambiwa mtu wa dozi hayuko klini, yaani hajaacha, kabadilisha pusha (muuzaji) tu. Maneno yale yalinirudisha kijiweni miezi minane. Sasa nakunywa kikombe changu kila asubuhi mbele ya muuguzi, naenda kazini, nalipa ada ya mtoto. Foleni ya dirishani pa dozi ndiyo soba yangu. Asipotokea mtu siku mbili, tunamfuata kwao.

Binti_wa_Kete:
Wanawake tulikuwa wanne tu, chumba kimoja. Kwenye mkutano wa wote sikuwahi kusema nilivyokuwa napata hela ya kete za unga. Nilisema usiku, taa imezimwa, kwa wale watatu. Mmoja akasema "na mimi." Basi. Inatosha kwa leo.

Mtoto_wa_Ngambo:
Nimesoma yote, Kisauni umenisahihisha na nimekubali. Dirishani, kaka, hata mie niliwahi kuwacheka watu wa dozi. Nisamehe.

Mmoja kaniuliza pembeni kuhusu vitagi vya funguo vya NA, vile unavyopewa kwa muda uliokaa bila kutumia. Cheupe unapewa siku unapoingia, hata kama bado unatetemeka. Rangi ya chungwa siku 30, kijani 60, chekundu 90, buluu miezi 6, njano 9. Cha mwaka kinang'aa gizani. Nimemwomba jamaa wa kitanda cha chini ndiye anikabidhi. Sasa anauza samaki Malindi ya hapa Unguja na simu yake haizimwi usiku.

Nakatisha hapa. Nipo soba, najitolea zamu za usiku. Alasiri kaka zake wameleta kijana, ndiyo kwanza anaanza kutapika na keshaniuliza ukuta wa nyuma una urefu gani. Naenda kuteleka maji.