Siri na nafsi iliyobanwa katika Jekyll na Hyde: ushahidi uko wapi?

Mwanafasihi3: Wakuu, naandika insha juu ya Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde, riwaya ya Stevenson (1886) ambamo daktari Jekyll anakunywa dawa inayomgeuza kuwa Hyde, mtu mwovu. Hoja yangu ni kwamba jamii ya zama za Malkia Victoria, Uingereza ya karne ya 19, ilibana matamanio ya watu. Kusema ni rahisi. Nionyesheje kwenye matini yenyewe?

Pekuapekua: Saikolojia iweke kando kwanza, fuata makaratasi. Shika penseli, weka alama kila kinapofungwa kitu kwa lakiri au kutiwa kwenye sefu. Sura ya 2 kuna wosia: Jekyll akitoweka zaidi ya miezi mitatu, mali yote ni ya Hyde. Wakili Utterson alikataa kusaidia kuuandika, lakini anautunza. Sura ya 5, Hyde ameshaua mtu, na karani wake Guest anaweka barua ya Hyde kando ya mwaliko wa chakula wa Jekyll. Miandiko inafanana mno, imetofautiana mlalo tu. Utterson damu inamsisimka: rafiki yake ameghushi barua kumkinga muuaji! Anafanya nini? Anaifungia kwenye sefu. Sura ya 6, bahasha ya Lanyon, daktari rafiki yao, ina bahasha nyingine ndani, isifunguliwe mpaka Jekyll afe au atoweke. Anatamani kuifungua, haifungui.

Hapo ndipo penye nyama. Siri hailindwi na mkosaji peke yake, inalindwa na marafiki waungwana. Tangu sura ya 1 Enfield, ndugu yake Utterson, ameshasema: kadiri jambo linavyonuka, ndivyo anavyopunguza maswali.

Kibatari: Napinga kidogo. Siri na kujibana si kitu kimoja, na insha nyingi huzama hapo. Kwa muda mrefu Jekyll hajibani hata chembe. Anajistarehesha kwa mwili wa Hyde huku akijua fika anachofanya. Hiyo ni siri tu. Kujibana kunasimuliwa sura ya 10: anaamka kitandani kwake, anaona mkono juu ya shuka, mwembamba, wenye vifundo, umejaa nywele nyeusi. Si wake. Anaingiwa na hofu, anaacha dawa miezi miwili. Siku anapoinywa tena, shetani wake aliyefungiwa anatoka akinguruma, na mzee Sir Danvers Carew anapigwa kwa fimbo hadi kufa. Bila hiyo miezi miwili huna ushahidi wa kubana chochote, una mtu mwenye nyumba ya milango miwili.

Na Freud, yule mwanasaikolojia wa matamanio yaliyobanwa, usimfanye chanzo. Maandishi yake juu ya jambo hili yamekuja baada ya kitabu. Mtumie kama miwani ya kusomea, basi.

Mwanafasihi3: Nimewaelewa. Na ile sheria ya Uingereza ya 1885? Naweza kusema Stevenson aliandika kwa sababu yake?

Pekuapekua: "Kwa sababu" hapana, huwezi kuithibitisha. Kifungu cha 11 cha sheria hiyo kilifanya mahusiano ya wanaume kwa wanaume, hata ya faraghani, kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka miwili. Ndicho kilichomfunga mwandishi Oscar Wilde mwaka 1895. Kilipita Agosti 1885, kitabu kikatoka Januari iliyofuata. Sema hii ndiyo hewa waliyokuwa wakiivuta wasomaji wa kwanza, kisha rudi kwenye matini: Enfield anadhani Jekyll anakamuliwa pesa ili makosa ya ujanani yasitajwe.

Kibatari: Tena hizo starehe usizipe jina wewe. Jekyll mwenyewe haendi mbali zaidi ya kuziita zisizo za heshima, na Lanyon anasema aliyoambiwa na Jekyll ile saa moja hawezi kuyatia kwenye karatasi. Lipe pengo hilo aya nzima: liko wapi, na nani wanalizunguka.

Na ile methali ya mficha maradhi kifo humuumbua, ambayo watu hupenda kuibandika mwishoni, hapa haikai. Sura ya 8 maiti ya Hyde iko sakafuni, na Utterson anamwambia mtumishi Poole asiseme lolote kuhusu karatasi aliyoiweka mfukoni, huenda wakaokoa jina la bwana wake.