"Hata panya anachimba": yule mtu wenu leo kanivua nguo mbele ya mama mkwe

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nimetoka ukweni sasa hivi, na nikimaliza kuandika hapa sijui kama bado nina mchumba.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa kalamu mbili mfukoni, anayefika kwenye shughuli za watu kabla ya wapishi, aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) miaka hiyo na mpaka leo anaitaja kama cheo cha jeshi. Huyo huyo.

Mshenga wangu kanitambulisha vizuri kabisa: kijana ni mwanasayansi, yuko kwenye akiolojia, anachimba mabaki ya kale. Wazee wanatikisa vichwa. Mama mkwe mtarajiwa anatabasamu. Mtu wenu, pilau bado iko mdomoni, akadakia: "Kuchimba nako sayansi? Hata panya anachimba."

HATA. PANYA. ANACHIMBA.

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Kuna bibi alikuwa amesinzia tangu saa nane, akaamka kuuliza kumetokea nini, akasimuliwa, kicheko kikaanza upya.

Ndipo jamaa akageuka mhadhiri. Eti sayansi ni maabara, koti jeupe na jaribio unalorudia mara elfu jibu likawa lile lile, mengine yote ni hadithi za bibi. Haya, mwezi uliwekwa kwenye maabara ya nani? Nani kashawahi kurudia mlipuko wa volkano kwenye bika? Nyayo za zamadamu pale Laetoli zina miaka zaidi ya milioni 3.6, na umri huo haukupigiwa ramli, umepimwa kwa potasiamu na agoni kwenye majivu ya volkano. Nilitaka kuyasema yote haya. Kila nikifungua mdomo, shemeji mdogo anafanya "chwi chwi chwi".

Panya, jamani. Na mahari iko mezani.

Kibarua_wa_Usiku: Nimevuta kigoda. Mahari ilipokelewa au ulirudishwa na debe la mahindi?

Binti_Moro: Mleta mada, panya usiwadharau. Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, kuna panya buku wa APOPO, shirika linalowafunza, wananusa makohozi kutambua kifua kikuu, wengine wananusa mabomu ya ardhini. Panya mmoja, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Wewe una medali gani?

Mleta mada: Uzi unahusu mimi KUTUKANWA. Panya waacheni.

Kiazi_Kikuu: Wewe ndiye umemleta panya humu. Halafu huyu mleta mada kasoma HGL (historia, jiografia na lugha), povu lake tu linaonyesha.

Mwalimu_Mstaafu: Vijana, hilo swali la sayansi ni nini limewatoa jasho wenye nalo. Mwanafalsafa Karl Popper mwaka 1934 alisema achana na koti, tazama kama dai lenyewe linaweza kukamatwa likiwa la uongo. Einstein alitaja mapema mwanga wa nyota utapinda kiasi gani ukipita karibu na jua. Mwaka 1919 mwanaastronomia Eddington akaenda kisiwa cha Principe kusubiri jua lipatwe, apime. Einstein angekosea, angeumbuka mchana kweupe. Kwa kipimo hicho mleta mada anapita: ikifukuliwa simu kwenye tabaka la nyayo za Laetoli, ambalo halijawahi kuguswa, nadharia yao imekwisha. Akaja mwanafalsafa mwingine, Thomas Kuhn, 1962, akasema wanasayansi hawaamki kila siku kujipinga. Wanafanya kazi ndani ya utaratibu waliourithi mpaka mambo yasiyoelezeka yawaelemee. Mwenzao Feyerabend naye, 1975, akapindua meza: hakuna mbinu moja iliyowahi kufuatwa na wote. Huyo wa kalamu mbili kaishia ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kidato cha kwanza.

Kibarua_wa_Usiku: Shikamoo mwalimu. Sasa huyo Popper angetoza ng'ombe wangapi?

Mleta mada: Mwalimu, ungekuwepo ukweni!! Mimi nilibaki nimeshika soda. Panya!

Mshambaa_Halisi: Watu wa hivyo ndio walimcheka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, sekondari ya Magamba, Lushoto, aliingiza maziwa ya moto kwenye friji na aiskrimu yake ikawahi kuganda kuliko ya mwenzake ya baridi. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Bahati yake Dk. Osborne wa chuo kikuu Dar alikwenda kupima, na 1969 wakachapisha pamoja.

Kiazi_Kikuu: Na 2016 Waingereza wakapima tena wakasema hawaioni hiyo athari. Maliza hadithi.

Mshambaa_Halisi: Walipima, sivyo? Hawakusema "hata panya anagandisha". Kaa chini.

Mama_Wawili: Afadhali nyie mmetukanwa bure. Mimi 2011 nilikopa nauli hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, shilingi 500. Foleni ya magari tumelala porini. Kwenye basi tukaambiwa ukipona ni kikombe, usipopona imani yako haba. Mwalimu, huyo Popper wako angesemaje?

Mwalimu_Mstaafu: Angeshukia Arusha.

Mama_Wawili: Na nauli yangu?

Fundi_Bomba: Mnabishania maabara kama mmeziona. Shuleni kwetu titresheni, lile jaribio la kuchanganya asidi na besi mpaka rangi ibadilike, ilifanyika ubaoni. Mwalimu anachora bureti, anachora chupa, anasema "hapa rangi imebadilika", tunaandika imebadilika. Rangi ya chaki ni ile ile. Na nilipata C.

Binti_Moro: C ya kemia bila kugusa asidi, hahaha. Hiyo ni imani, si somo.

Kiazi_Kikuu: Kwetu 2014 kata nzima tulichangishwa kujenga maabara. Asiyetoa, mtendaji anabeba kuku. Jengo likapanda kweli, leo ni stoo ya mahindi.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Mnanishauri nipeleke tena mshenga au nisubiri?

Fundi_Bomba: @Kiazi_Kikuu nyie angalau mna stoo. Sisi ulifika msingi, mabati "yakaja kesho" hadi leo. Mwenyekiti wa kamati anajenga nyumba ya pili.

Mama_Wawili: Ya bati la rangi gani? Kuna moja naiona pale njia panda, nimekuwa nikijiuliza.

Fundi_Bomba: Ya bluu.

Mama_Wawili: WEE! Ngoja nifungue uzi.