Mstaafu wa jeshi la Marekani ninayeishi ng'ambo: nitafunguaje akaunti za serikali ilhali laini yangu ya Marekani imekufa?

Dereva88M aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Nilistaafu kutoka Jeshi la Nchi Kavu la Marekani baada ya utumishi wa miaka 22, na tangu mwaka jana mimi na mke wangu tumerudi kuishi Kenya. Pasipoti yangu ya Marekani haijaisha muda, kadi ya mstaafu ninayo, na pensheni inaingia benki kila mwezi bila kuchelewa. Kinachonikwaza ni kuingia kwenye akaunti zenyewe.

Kwenye tovuti ya Idara ya Maveterani (VA) nilizoea kuingia kwa DS Logon, akaunti ya kuingilia ya Wizara ya Ulinzi, na njia hiyo ilifungwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025. Nikajaribu Login.gov, akaunti ya serikali ya kuingilia tovuti zake. Barua pepe ilikubaliwa na nenosiri likakubaliwa, lakini nilipofika kwenye hatua ya kuthibitisha utambulisho nikatakiwa niweke namba ya simu ya Marekani iliyosajiliwa kwa jina langu, au nisubiri barua yenye msimbo kwenye anwani ya Marekani. Sina hata kimoja. Laini yangu ya zamani niliiacha miezi kadhaa bila kuilipia, kampuni ikaifunga, na nilipopiga simu kuiomba nikaambiwa kwamba namba imekwisha kurudishwa kwao. Mbaya zaidi, misimbo ya myPay, tovuti ya malipo ya pensheni, bado inatumwa kwenye namba hiyo hiyo, na ndani ya tovuti hiyo ndimo ilimo fomu yangu ya 1099-R, ile inayoonyesha pensheni niliyolipwa kwa mwaka, ninayoihitaji kwa ajili ya kodi.

Je, yupo aliyefanikiwa kufungua akaunti hizi akiwa nje, bila kupanda ndege?

KaraniWaS1 alijibu:

Afande, pole. Nilikaa ofisi ya utumishi miaka mingi na bado napigiwa simu na wenzetu kuhusu jambo hili hili, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa kirefu.

Yapo mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kuthibitisha wewe ni nani, kazi inayofanywa mara moja kwa hati na picha. La pili ni kuthibitisha kila unapoingia kwamba ni wewe yule yule, na hapo ndipo msimbo wa simu unapohusika. Wewe umekwama kwenye yote mawili kwa sababu ya laini moja, lakini tiba zake ni tofauti.

Kwa lile la kwanza, VA inakubali Login.gov au ID.me, na kwa mtu asiye na simu wala anwani ya Marekani mimi humshauri aende ID.me. Ni kampuni binafsi iliyopewa kazi na serikali, ndiyo maana anwani yake haiishii na .gov, usishtuke, ila ufike huko kwa kubonyeza kitufe kilichoko ndani ya tovuti ya VA yenyewe, kamwe si kwa kiungo ulichotumiwa kwenye barua pepe. Uthibitisho wa kawaida ukigoma, hukupa nafasi ya kuzungumza na mtumishi kwa video. Andaa hati mbili za msingi, au moja ya msingi na mbili za ziada. Pasipoti ni ya msingi. Keti mahali penye mwanga, hati zenyewe ziwe mezani, si nakala, na majina yaandikwe sawasawa katika zote. Nimeona mtu akirudishwa kwa sababu jina la kati limo kwenye pasipoti na halimo kwenye hati ya pili.

Kwa lile la pili, acha kabisa mazoea ya kutegemea SMS. Login.gov na ID.me zote hukuruhusu kutumia programu ya uthibitishaji, ile inayozalisha tarakimu sita kila baada ya nusu dakika ndani ya simu yako, hata kama simu haina laini wala intaneti. Namba za intaneti ambazo wengi wetu hununua ili waonekane wana simu ya Marekani, Login.gov haizipokei, kwa hiyo usipoteze fedha zako huko.

Kuhusu 1099-R, huhitaji kusubiri hadi myPay ifunguke. Ingia kwenye ukurasa wa askDFAS, yaani wa DFAS, ofisi ya fedha inayolipa pensheni zetu, jaza ombi la nakala, nao watakutumia kwa posta. Ukiwa unaishi nje tarehe 15 Aprili, una miezi miwili zaidi ya kuwasilisha marejesho, yaani hadi tarehe 15 Juni, bila kuomba, ingawa riba ya kodi unayodaiwa huanza kuhesabiwa Aprili. Namba ile ya zamani uwaandikie DFAS waiondoe mapema. Kanuni za Marekani huruhusu namba iliyoachwa apewe mtu mwingine baada ya siku 45, na huyo ndiye atakayekuwa akipokea misimbo ya pensheni yako.

BahariaMstaafu alijibu:

Nakubaliana na Karani, nami naongeza la kwangu. Programu ya uthibitishaji ikikaa kwenye simu moja tu, umeihamisha shida kutoka kwenye laini kwenda kwenye kifaa. Yangu ilianguka baharini, na nilijiona mjinga kwa wiki nzima.

Login.gov hutoa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja ukitumika mara moja. Iandike kwa kalamu na uiweke palipo na pasipoti yako. Ukithibitishwa utambulisho, hutoa pia ufunguo binafsi wa herufi na tarakimu 16; huo ndio utakaotakiwa siku utakaposahau nenosiri, na usipokuwa nao utaanza uthibitisho upya. Ukipoteza njia zako zote za kuingia, hakuna afisa wa kumlilia: unaifuta akaunti, unasubiri saa 24, unafungua nyingine. Mimi sasa natumia ufunguo wa usalama wa USB, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na wa pili uko kwa dada yangu.

Jambo jingine, kadi ya mstaafu haina chipu kama ile tuliyoitumia tulipokuwa kazini, kwa hiyo kisoma kadi ulichonacho kabatini hakitakusaidia.

MjaneWaSajenti alijibu:

Kaka Dereva, umemtaja mke wako, ndiyo maana naandika. Marehemu mume wangu alikuwa na kila kitu katika simu yake, nami nilijua nenosiri lake. Alipofariki nilidhani nitaendelea kuingia kama yeye hadi mambo yatulie. Nilikosea. Akaunti ile ni ya mtu mmoja, na pensheni iliyoingia baada ya siku ya kifo ilirudishwa yote serikalini, nami nilikuwa nimekwisha kuitumia sehemu.

Mjane hufungua akaunti yake mwenyewe kama mpokeaji wa mafao ya warithi, yale ya SBP (mpango ambao mstaafu hukatwa pensheni ili mwenzi wake alipwe baada ya kifo) ambayo kwa kawaida ni asilimia 55 ya kiasi alichokikatia mwenzi wake. Kabla ya hapo kuna fomu DD 2656-7 ya kuomba mafao hayo na SF 1174 ya kudai malipo yaliyobaki. Mwonyeshe mkeo fomu hizo zilipo, kwa karatasi. Na hakikisha kwamba kumbukumbu za DEERS, daftari la wanajeshi, wastaafu na familia zao, zina anwani yenu ya sasa na cheti cha ndoa, kwa maana mimi nilihangaika miezi kwa sababu tulisajiliwa bado kwenye nyumba tuliyoihama zamani.

Dereva88M aliandika tena:

Afande Karani, Baharia, na wewe dada yangu, nashukuru sana. Nilipata mtumishi wa video jana usiku, baada ya kusubiri karibu saa moja kwenye foleni. Pasipoti ilipita mara moja. Leseni ya udereva ya jimbo niliyotumia kama hati ya pili nilitakiwa niigeuzegeuze mbele ya kamera hadi ile alama inayong'aa ionekane. Sasa naingia VA. Ombi la 1099-R nimelituma, na DFAS nimewaandikia kuhusu namba.

Swali dogo: DEERS naibadilishaje, ikiwa milConnect, tovuti ya kubadilishia kumbukumbu hizo, nayo ilikuwa ya DS Logon?

KaraniWaS1 alijibu:

Wizara ya Ulinzi ilianza mwaka 2025 kuihamisha milConnect kwenda myAuth, njia mpya ya kuingia badala ya DS Logon. Utaikuta kwenye ukurasa ule ule wa kuingilia. Fuata maelekezo, na utakapoulizwa njia ya kupokea msimbo, usichague simu.