Naomba ushauri: nataka kuona taarifa zangu zilizoko kwa kampuni ya matangazo

Wakuu, habari za leo. Mwezi Januari nilinunua nguo za mtoto Kariakoo, muuzaji akaandika jina na namba yangu kwenye kaunta buku, eti nitapata punguzo. Juzi kampuni nisiyoijua kabisa imenitumia meseji: "Mama, mwanao ametimiza miezi sita, mwanzishie uji wetu." Na kweli ametimiza wiki hii hii! Nimekosa usingizi. Wanajua nini kingine kuhusu mwanangu?

Najua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inanipa haki ya kuona walichonacho, na ya kuwazuia wasizitumie kunitangazia biashara. Nikawaandikia. Wamejibu nitume kwanza picha ya kitambulisho cha NIDA, mbele na nyuma. Hapo ndipo nilipokwama: nawadai taarifa zangu, nao wanataka nyingine nyeti zaidi.

Aliyewahi kupita njia hii, je, nitume? Au nipendekeze wanithibitishe kwa namba ileile waliyonitumia meseji? Na wakikaa kimya, malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mliyapelekaje, mkaambatanisha nini? Meseji zote sijazifuta.