Amenifunikia Bei kwa Kiganja! Dalali Yule Yule, Safari Hii Tigoni

Binti wa Majani Chai (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu vyangu bado vina udongo mwekundu wa Tigoni kule Limuru, na nisipoandika usiku huu nitapasuka. Dalali ambaye sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila aliyewahi kuulizia nyumba katika mitaa ya matajiri ya Nairobi kuanzia Karen hadi Runda anaijua tai yake ya zambarau na anajua jinsi anavyolitamka neno "ekari" kana kwamba analilamba, leo amenifunikia bei kwa kiganja chake. Nimesema kwa kiganja.

Tumezaliwa wanne. Tuliuza ploti za marehemu baba kule Ruaka, tukaongeza akiba zetu za miaka mingi, tukakubaliana kutafuta shamba la ekari tano lenye nyumba ya zamani ya mawe, ili mama yetu azeeke akitazama majani chai aliyoyachuma ujanani mwake. Nilimpigia dalali huyo simu Jumatano, akaniambia nifike leo saa nne, nami saa tatu na nusu nilikuwa langoni. Saa nne na robo wakaja bwana na bibi wa kigeni, watu wapole ambao sina neno nao, na kuanzia hapo mimi nikageuka kabati. Wao walionyeshwa mahali pa kuotea moto, dari ya mbao, bwawa na mpaka wa shamba, nami nikawa nafuata nyuma kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Tuliporudi barazani alitoa karatasi moja ya bei, akaiweka mezani mbele yao. Nikainama nami nisome. Kiganja chake kikashuka juu ya karatasi, pap, kama mtu anayeua nzi, na pete yake ikagonga meza. Niliona sufuri tatu za mwisho tu, zikichungulia kati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, na mbele ya tarakimu alama ya dola. Kisha akaniambia, mbele ya wageni na mbele ya mtunza bustani ambaye ni rika la baba yangu: "Mama, hizi si za hamsini kwa mia."

Hamsini kwa mia, yaani vile viploti vya futi hamsini kwa mia! Mimi ambaye nimekua nikilala juu ya magunia ya majani chai! Chai ya kwanza katika nchi hii ilipandwa Limuru mwaka 1903, na nyanya yangu aliinamia michai hiyo hadi mgongo ukakataa kunyooka, halafu leo mjukuu wake haruhusiwi hata kusoma bei ya ardhi hiyo. Kile kiganja kilikuwa kikubwa kama sinia la pilau. Kingeweza kufunika Kaunti nzima ya Kiambu.

Mkazi wa Runda ya Zamani

Pole sana, dada. Mimi bwana huyo alinitoza ada ya kuonyeshwa nyumba mara tatu kwa nyumba ile ile, na mara ya tatu nyumba yenyewe ilikuwa imekwishauzwa na watu wanahamisha vitanda ndani. Namjua pia kwa ugonjwa wake wa dola. Tangu ofisi za Umoja wa Mataifa zilipokita Gigiri, wenye nyumba wa Runda, Nyari na Kitisuru wamezoea kodi ya dola kutoka kwa mabalozi na mashirika, na hilo la kupangisha ninalielewa. Lakini sasa hata shamba la majani chai linauzwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kisha katika mwaka uo huo ikashuka hadi karibu 130. Iliposhuka, bwana huyo hakupandisha wala kupunguza dola zake, ila iliporuka alimpigia mke wangu simu saa tano usiku akimhimiza tulipe kabla ya Ijumaa.

Ngamia wa Kitengela

Mwanzilishi, nami nitasema ukweli wangu. Ulikwenda kununua shamba la mamilioni ya shilingi ukasimama nyuma ya wageni kama mpambe wa harusi. Kwa nini hukuuondoa huo mkono? Na hiyo hamsini kwa mia unayoilia ndiyo tunayoishi sisi huku, na watoto wetu wanasoma na kufaulu. Umetutukana wengi kwa mkupuo mmoja.

Binti wa Majani Chai

Ndugu Ngamia, sijaitukana ploti ya mtu yeyote. Ploti za baba zilizotusomesha zilikuwa hamsini kwa mia. Aliyezitukana ni yule dalali, alipozitumia kunipimia utu. Kuhusu mkono, ningewezaje kumshika mwanamume nisiyemjua mkono mbele za watu? Kiganja kilikaa pale pale hadi karatasi ilipokunjwa na kutiwa mfukoni mwa koti. Nimehesabu kichwani njia nzima ya kurudi, na kwa hesabu yangu kilikaa juu ya ile bei muda wa kutosha kuchemsha yai.

Karani Mstaafu wa Ardhi

Dada, kabla hujalala, fikiria jambo hili. Shamba hilo likiwa bado limeandikishwa kama ardhi ya kilimo, mauzo yake hayana nguvu bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na sheria inaitaka bodi hiyo ikatae ardhi ya kilimo isiende kwa asiye raia. Aidha, Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mgeni kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo, katika kikao kile, mtu ambaye angeweza kupeleka karatasi zake mbele ya bodi akapokelewa ni wewe, na ndiye aliyefunikiwa bei. Wale wageni wa watu huenda wakalipa amana kwa jambo lisilowezekana.

Binti wa Majani Chai

Mzee wangu, umenitonesha. Basi alimficha mnunuzi na kumwonyesha asiyeweza kununua! Kwa kiganja kile kile!

Jirani wa Karen

Poleni, lakini nyinyi mnalilia kuingia, sisi tulioingia tunalia ndani. Huku Karen mwaka 1931 shamba la kahawa la Karen Blixen, yule mwandishi kutoka Denmark, liliuzwa baada ya kushindwa, likagawanywa kuwa viwanja, na hadi leo kugawanya hakujaisha. Jirani yangu alikuwa na ekari mbili na miti ya mvule. Sasa pana nyumba nane zinazofanana, lango moja, na mashimo manane ya maji taka yaliyochimbwa mita chache kutoka kisima changu.

Mama Ghorofa ya Nne, Kilimani

Wewe una kisima na unalalamika? Mimi nilinunua fleti kwa sababu ya jua la asubuhi, na sasa mbele ya dirisha langu limesimama jengo ambalo naweza kumsalimia mkazi wake nikiwa napiga mswaki. Ada ya huduma inapanda kila mwaka na maji yanaletwa na malori.

Binti wa Majani Chai

Naombeni turudi kwenye kiganja. Kesho nataka kumwandikia mwenye shamba moja kwa moja, na sijui nianze vipi.

Jirani wa Karen

Mama Ghorofa, afadhali malori. Maji ya visima vya Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi, na meno ya mwanangu wa mwisho yameanza kupata madoa ya kahawia.

Mkazi wa Runda ya Zamani

Sisi tulifunga mtambo wa kuchuja mwaka jana, na chai imebadilika ladha kabisa. Yule fundi alitutoza kwa shilingi.

Mama Ghorofa ya Nne, Kilimani

Kwa shilingi? Tafadhali nitumie namba yake faraghani.